Ncha ya Mkuki Mlangoni

Katikati ya Riyadh, pale kiini cha mji wa zamani kilipobaki, ipo ngome ya udongo iitwayo Masmak. Ilijengwa karibu mwaka 1865. Kuta zake ni nene, rangi yake ni ya mchanga uleule wa eneo la Najd, na kila pembe ina mnara wa mviringo unaopanda kiasi cha mita 18. Mlango wake mkubwa ni wa mbao za mtende, na katikati yake umekatwa kijilango kidogo ambacho mtu mzima hapiti ila ameinama. Wenyewe wanakiita khokha.

Mgeni akisimama mbele ya mlango ule kwa mara ya kwanza, macho yake hupanda kwenye minara, hushuka kwenye mbao, hupita haraka juu ya kivuli cha ukuta, kisha huhamia kwa watu wanaopiga picha. Halafu mwenyeji humwambia maneno machache. Papo hapo macho ya mgeni huganda mahali padogo, pembeni mwa kijilango, ambapo kipande cha chuma kilichochakaa kimezama ndani ya ubao. Haking'ai. Hakina rangi ya kukitofautisha na mbao zilizokizunguka. Asingeambiwa, angepita bila kukiona. Lakini akishaambiwa, hawezi tena kuutazama mlango ule bila jicho kurudi palepale.

Anachoambiwa ni kisa cha alfajiri ya tarehe 15 Januari 1902. Kijana Abdulaziz wa ukoo wa Al Saud, aliyekuwa akiishi ugenini Kuwait pamoja na baba yake, aliingia Riyadh usiku na kikosi kidogo cha watu kadhaa, akajificha jirani na ngome. Gavana Ajlan, aliyeushika mji kwa niaba ya ukoo wa Al Rashid wa Hail, alipotoka asubuhi, wakamvamia. Alikimbilia mlangoni, akajipenyeza kwenye khokha, wao wakimvuta miguu na walinzi wake wakimvuta mikono. Fahd bin Jiluwi, binamu wa Abdulaziz, alimrushia mkuki. Ukamkosa, ukaingia ubaoni kwa nguvu, ncha ikakatikia humo. Abdullah bin Jiluwi ndiye aliyemfuata Ajlan ndani na kumuua. Riyadh ikabadilisha mikono kabla jua halijapanda, na miaka 30 baadaye, mwaka 1932, ukatangazwa Ufalme wa Saudi Arabia.

Ncha ile bado ipo. Nami nikitazama watu wanaoitazama, ndipo ninapokutana na swali ambalo limeniteka kwa muda mrefu: ni nini kilicholisogeza jicho la mgeni? Mlango haukubadilika. Mwanga haukuongezeka. Chuma hakikujitokeza zaidi ya dakika iliyopita. Kilichoongezeka ni maana tu, na maana haina rangi wala umbo ambalo mboni ingeweza kulidaka. Lakini ndiyo iliyoshika hatamu.

Tunajidhania kwamba tunaona kila kitu kwa mkupuo mmoja. Sivyo. Nyoosha mkono wako mbele, inua kidole gumba, utazame ukucha. Eneo lile dogo ndilo karibu lote unaloliona kwa ukali wake. Mengine yanayolizunguka ni ukungu ambao ubongo unautengeneza uonekane kama picha kamili. Kwa sababu hiyo jicho halina budi kuruka: linatua, linakaa kama robo ya sekunde, linaruka tena, mara 3 hivi kwa kila sekunde, tangu tunapoamka mpaka tunapolala. Kila mruko ni uamuzi. Jicho linaamua liende wapi kabla halijaona vizuri kilicho huko. Historia ya fumbo hili ni ndefu, na mwanzo wake ni wa lugha ileile inayosomwa kwenye vibao vya Riyadh.

Al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra karibu mwaka 965. Alikwenda Misri wakati wa khalifa al-Hakim, na inasimuliwa kwamba aliahidi kuyadhibiti maji ya Nile, akaona kazi haiwezekani, akajifanya ana wazimu ili aokoe roho yake, akakaa kizuizini mpaka khalifa alipofariki mwaka 1021. Katika maisha hayo ya Cairo aliandika Kitab al-Manazir, juzuu 7 kuhusu mwanga na kuona. Wengi wanamkumbuka kwa kuthibitisha kwamba mwanga huingia jichoni, wala jicho halitoi miali ya kwenda kupapasa vitu. Kwangu mimi, jambo kubwa zaidi limo katika juzuu ya pili. Humo alitenganisha namna 2 za kuona. Kuna kutupia jicho, ambako mtu huona kwa haraka umbo la jumla, na kuna kutaamali, ambako jicho husogezwa juu ya kitu sehemu baada ya sehemu mpaka kila upande wake upitiwe na mstari wa katikati wa uoni. Akaongeza jambo ambalo maabara za leo bado zinalihangaikia: anachokwisha kukijua mtu humwezesha kukitambua kitu kwa dalili chache, bila kukipitia chote upya.

Neno alilolitumia kwa namna ile ya pili ya kuona ni ta'ammul. Sisi tunalo. Mzee wa pwani akikuambia "itaamali barua hii," hakuagizi uitupie jicho upesi. Anakutaka utazame na kufikiri kwa wakati mmoja, na neno lenyewe halikuachii nafasi ya kutenganisha vitendo hivyo. Naona fahari kidogo hapo. Wataalamu wa Ulaya walihitaji mashine na karne kadhaa ili kurudi kwenye jambo ambalo neno letu limelibeba muda wote.

Mashine hizo zilianza kwa ukatili fulani. Mwishoni mwa miaka ya 1870, jijini Paris, Émile Javal na wenzake waligundua kwamba macho ya msomaji hayatelezi juu ya mstari, yanaruka. Mwaka 1898 Mmarekani Edmund Huey alitengeneza kikombe kidogo cha plasta chenye tundu katikati, akakibandika juu ya jicho lililotiwa dawa ya ganzi, akakiunganisha na kijiti chepesi kilichochora kila mruko kwenye karatasi yenye masizi. Mwaka 1935 Guy Buswell wa Chuo Kikuu cha Chicago aliachana na vikombe, akatumia mwanga unaoakisiwa na jicho hadi kwenye filamu. Aliwaonyesha watu 200 picha 55, akaona kwamba macho hayatawanyiki ovyo. Yanarundikana kwa watu na nyuso, na ukibadilisha maagizo unayompa mtazamaji, njia ya macho nayo inabadilika.

Halafu akaja Alfred Yarbus wa Moscow. Kitabu chake kilitoka kwa Kirusi mwaka 1965, na kwa Kiingereza mwaka 1967. Alibandika kikofia kidogo chenye kioo kwenye jicho, akamweka mtu mbele ya mchoro wa Ilya Repin unaomwonyesha mwanamume akiingia ghafla nyumbani kwake baada ya kutoonekana kwa miaka. Mtazamaji alikuwa yuleyule, na mchoro uleule. Yarbus alibadilisha swali tu. Alipouliza umri wa waliomo, macho yalikwenda usoni kwa kila mmoja. Alipouliza hali ya kipato ya familia, yalizunguka kwenye samani na nguo. Alipouliza mwanamume huyo alikuwa hayupo kwa muda gani, yalikimbia huku na huko baina ya uso wake na nyuso za wanaompokea. Ukiitazama michoro ile ya mistari myeusi, kama njia za sisimizi, unaweza karibu kuusoma moyo wa mtu.

Jeddah ni mji mzuri wa kulifikiria jambo hili la jicho kuongozwa na kinachotafutwa, na hasa kwa mtu anayetoka kwetu. Tangu mwaka 647, Khalifa Uthman alipoufanya bandari ya Makka, mji huo umekuwa ukitazamwa na wageni wanaotafuta kitu kingine. Wengi wanaoshuka Jeddah hawakuifuata Jeddah. Ukiingia Al-Balad, mji mkongwe ambao UNESCO iliuandika kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2014, utahisi umewahi kuwa pale. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kama Lamu, kama Mji Mkongwe wa Unguja. Vichochoro vimebanwa ili kivuli kikae. Na mbele ya nyumba, ghorofa juu ya ghorofa, yametokeza madirisha makubwa ya mbao zilizonakshiwa kwa vitobo. Wenyeji wanayaita roshan, na kwa wingi rawashin. Ni neno lile ambalo sisi tunaliita roshani.

Tunasema macho hayana pazia. Roshani ya Jeddah ni jibu la fundi kwa methali hiyo. Mbao zake zinapitisha upepo wa bahari na kuvunja makali ya jua, na aliye ndani anaona barabara nzima ilhali aliye barabarani anaona nakshi tu. Jicho la mpita njia linavutwa na mchezo wa mwanga na kivuli, kwa sababu tofauti ya weupe na weusi ndiyo inayoliamsha jicho kwa urahisi. Lakini mwanamke aliyekaa nyuma ya mbao hizo hana habari na nakshi. Macho yake yanapitia umati akimtafuta mwanawe anayerudi madrasa. Ukuta ni mmoja, na jicho la kila upande lina shughuli yake.

Katika mtaa huohuo ipo nyumba ya Nassif, iliyojengwa kati ya mwaka 1872 na 1881 kwa ajili ya mfanyabiashara Omar Nassif. Mfalme Abdulaziz alifikia humo alipoingia Jeddah Desemba 1925. Ni nyumba kubwa, yenye roshani zinazostahili kutazamwa kutwa nzima. Lakini kwa miaka mingi watu wa Jeddah waliiita nyumba ya mti, kwa sababu mbele yake ulisimama mti ambao ulihesabiwa kuwa wa pekee ndani ya mji. Jeddah ilikuwa na shida ya maji, na mti uliomea hapo ulikuwa anasa kuliko nakshi. Basi anwani ya nyumba ikawa mti.

Ni mwarobaini. Nilipouona mara ya kwanza, sikuona roshani kwanza, wala ngazi, wala mlango. Macho yalikwenda moja kwa moja kwenye majani yale yenye meno, na kabla sijajua ninachokifanya, ulimini nilisikia uchungu wa maji ya mwarobaini tuliyonyweshwa utotoni kwa homa. Mtalii wa Ulaya aliyekuwa karibu yangu aliinua kamera juu, akaipiga picha sura yote ya mbele ya nyumba, na mti ukaingia pembeni. Sote tulitazama mandhari ileile. Sikuwa na jicho kali kumzidi. Nilikuwa na bibi aliyechemsha majani.

Mji ulipotajirika kwa mafuta, Jeddah ilijaribu njia nyingine ya kulishika jicho. Mohamed Said Farsi, aliyekuwa meya tangu mwaka 1972 hadi 1986, alizijaza barabara na ufukwe sanamu kubwa. Alizileta kazi za Henry Moore, Joan Miró, Alexander Calder na wengine, na kwenye mzunguko mmoja ikasimamishwa baiskeli kubwa mno ya Julio Lafuente, kana kwamba jitu limeshuka na kuiacha. Kisha mwaka 1985 chemchemi ya Mfalme Fahd ikaanza kurusha maji ya Bahari ya Shamu zaidi ya mita 250 angani, na usiku taa zinaiwasha kama mnara mweupe. Hakuna anayefika ufukwe ule asiitazame. Ni kubwa, inang'aa, inacheza, na imesimama peke yake juu ya maji meusi.

Mwaka huohuo wa 1985, mbali na Jeddah, Christof Koch na Shimon Ullman walichapisha wazo ambalo chemchemi ile ingefaa kuwa mfano wake. Walisema ubongo huenda unachora ramani ya mvuto: mahali popote panapotofautiana na jirani zake kwa rangi, mwanga au mwelekeo wa mistari hupata alama ya juu, na jicho huelekea kwenye alama ya juu kuliko zote, kisha inayofuata, kisha inayofuata. Mwaka 1998 Laurent Itti, Koch na Ernst Niebur waliligeuza wazo hilo kuwa programu ya kompyuta. Ilipendwa sana, na kwa haki. Haikuhitaji kujua mti ni nini wala mtoto ni nani. Ilipewa picha, ikahesabu tofauti, ikabashiri jicho litatua wapi, na mara nyingi ubashiri wake haukuwa mbaya.

Shida ni kwamba vitu vyenye maana navyo aghalabu hujitofautisha na mazingira yake. Uso wa mtu una mistari na vivuli kuliko ukuta ulio nyuma yake. Sasa jicho likienda usoni, limefuata vivuli au limemfuata mtu? Mwaka 2017 John Henderson na Taylor Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipata njia ya kuuliza. Walikata picha za mandhari kuwa viduara vidogo vinavyopandana, wakawapa watu wengi wavipe alama 1 hadi 6 kwa kadiri kila kiduara kinavyobeba habari na kutambulika. Kutokana na alama hizo wakachora ramani ya maana, wakailinganisha na ramani ya mvuto na mahali macho ya watazamaji wengine yalipotua. Ramani zote mbili zilibashiri macho. Lakini walipoondoa kile ambacho ramani hizo zinashirikiana, maana iliendelea kueleza mienendo ya macho, na mvuto haukubaki na la kwake la kusema.

Mjadala haukufungwa. Mwaka 2021 Marek Pedziwiatr na wenzake walionyesha kwamba programu mpya zilizofunzwa kwa picha nyingi zilibashiri macho vizuri kuliko ramani za maana, na kwamba ukiweka kitu kisicho mahali pake katika mandhari, macho ya watu hubadilika lakini ramani za maana hazishtuki. Kwa maoni yangu hoja hii haiiondoi maana kwenye kiti chake. Inatuambia kuwa maana haikai ndani ya kiduara kilichokatwa na kutazamwa peke yake. Kata kiduara cha mlango wa Masmak chenye ile ncha, umpe mtu asiyejua kisa, atakipa alama 1 au 2: ubao na kutu.

Mwingereza Michael Land na wenzake walikuwa wamekwisha kulitazama suala hili mahali pasipo na picha wala kiwambo. Mwaka 1999 walichapisha utafiti wa watu waliovalishwa kamera kichwani wakaambiwa watengeneze chai. Macho yao yalitangulia mikono kwa takriban nusu sekunde: kwenye birika kabla mkono haujalifikia, kwenye mfuniko, kwenye mdomo wa maji. Karibu hayakugusa chochote kisichohusika na chai, hata kama kilikuwa na rangi kali. Ukitaka kuliona hili bila kamera, kaa kwenye baraza lolote la Riyadh umtazame kijana anayemimina kahawa. Ameshika dele kwa mkono wa kushoto, finjani kwa wa kulia. Yupo ndani ya chumba chenye mazulia mekundu na televisheni inayowaka, lakini macho yake hayana habari nayo. Yapo kwenye ukingo wa finjani ya sasa, na kabla uzi wa kahawa haujakatika yamekwisha kuhamia kwenye mkono wa mgeni anayefuata, kuona kama anaitikisa finjani kuashiria kwamba ametosheka.

Riyadh ya leo inawaka kuliko wakati wowote. Tangu mwaka 2021 ina tamasha la sanaa ya mwanga liitwalo Noor Riyadh, na Desemba 2024 treni za mjini zilianza kufunguliwa, njia 6 zenye rangi 6, stesheni 85. Kwa anayeshuka mara ya kwanza, rangi zile ni mapambo. Kwa dada kutoka Mombasa au Kampala anayefanya kazi upande mmoja wa jiji na kwenda kukutana na wenziwe upande wa pili, baada ya wiki chache rangi 5 zimekwisha kufifia. Inabaki moja, ya kumfikisha.

Mahali nilipojifunza haya kwa hakika zaidi ni uwanja wa ndege wa Jeddah, kwenye jengo la mahujaji lililofunguliwa mwaka 1981. Limeezekwa mahema 210 ya kitambaa cheupe cha nyuzi za kioo, na aliyesimamia uimara wake ni mhandisi Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka, ambaye alifariki mjini humohumo Jeddah Machi 1982. Ukiinua macho chini ya mahema yale, mwanga unashuka laini kama wa ndani ya maziwa. Ni jengo la kutazamwa, na lilipewa tuzo ya Aga Khan mwaka 1983. Lakini nimewahi kusimama pale nikawahesabu wanaotazama juu, nikapata wachache mno. Maelfu ya watu, na macho yao yote yako chini, usawa wa mabega: kwenye pasi za kusafiria, kwenye kibendera kidogo ambacho kiongozi wa msafara amekifunga kwenye fimbo, kwenye mgongo wa mtu wanayemfuata.

Bibi mmoja wa Tanga aliwahi kunisimulia safari yake ya hija, miaka ya tisini, alipopotezana na mdogo wake chini ya mahema hayo. Msafara wao ulikuwa wa wanawake wengi, wote wamevaa kitenge cha namna moja ili wasipoteane, na pembeni yao ulikuwepo msafara mwingine wenye kitenge cha kufanana.

"Mahema uliyaona, bibi?" nilimuuliza. "Yale meupe, marefu?"

"Mahema gani, mjukuu wangu?"

Nikamuuliza basi alimpataje ndugu yake katika umati ule, ilhali nguo zilikuwa moja na wote walikuwa wamempa mgongo.

"Sikutafuta nguo," akasema. "Nilitafuta mguu. Wa kulia wake huwa unachelewa, tangu alipoanguka mkoroshoni tukiwa wadogo. Nikainamisha macho chini, nikawa natazama miguu tu, miguu tu, mpaka nikauona mmoja unachelewa."